Kitana Aondoa Ruhusa

Wateja walimwita Kitana. Alikuwa msusi, na siku nzima mikono yake ilikuwa na mafuta ya nywele. Simu aliiweka rafuni na kuiendesha kwa mdomo. Ndani yake mlikuwa na msaidizi wa akili mnemba, yaani programu inayosikiliza maneno ya mtu na kumjibu kwa sauti. Msaidizi huyo alimkumbusha miadi ya wateja. Ikibidi kubonyeza, mteja alimbonyezea.

Siku moja simu iliuliza kitu.

"Inaomba ruhusa ya kusoma taarifa zako za kliniki," mteja alisoma.

"Bonyeza kubali, shoga yangu. Hiyo kazi yake kuuliza tu."

Mteja akabonyeza. Kitana akaendelea kusuka.

Wiki mbili baadaye, saluni ikiwa imejaa, Kitana aliuliza, "Kesho nina nini?"

Simu ilijibu kwa sauti kubwa: "Saa tatu, kliniki ya saratani ya titi. Saa nane, mteja wa kusuka."

Vicheko vilikatika. Mteja mmoja alijifanya anatafuta kitu mkobani. Kitana aliona aibu, kisha uchungu. Aliwaomba wateja wamstiri, nao wakamwahidi. Lakini ahadi za saluni, nani asiyezijua?

Siri hiyo alikuwa amemwambia mumewe tu. Mama yake hakujua, naye alikuwa anakuja Jumamosi. Mama huyo alishamzika binti yake mkubwa kwa ugonjwa huohuo. Habari kama hiyo haifai kusemwa na simu.

Kitana alifuta programu siku hiyohiyo. Akashusha pumzi. Lakini jioni mumewe alipoiuliza simu yake ratiba ya wiki, msaidizi alitaja dawa za Kitana, moja baada ya nyingine. Wawili hao walitumia akaunti moja ya msaidizi huyo.

"Mke wangu, tumekata tawi, mzizi upo," mume alisema.

"Na mama akija, simu yako ndiyo anayosikilizia habari!"

Asubuhi, baada ya kumwona daktari, walikwenda kwa mtunza faili wa kliniki. Mwanamke huyo aliwasikiliza bila kuwakatiza.

"Poleni sana," alisema. "Mwanangu, kufuta programu hakuondoi ruhusa. Ni kama kumtoa mgeni nyumbani na kumwachia ufunguo."

"Nikiondoa ruhusa, daktari atapoteza faili langu?"

"Hapana. Faili liko hapa, na matibabu yako yapo palepale. Anayefungiwa mlango ni msaidizi."

Aliwaelekeza kwenye simu ya mume. Walifungua mipangilio ya msaidizi, wakaingia sehemu ya ruhusa, wakachagua taarifa za afya. Safari hii Kitana alibonyeza mwenyewe: ondoa.

"Bado," alisema mtunza faili. "Alichokwisha kusoma anaweza kuwa amekihifadhi. Fungua kumbukumbu zake, ufute zote za afya. Kisha waandikie wenye programu, uwatake wafute walichonacho. Mimi nitakata muunganisho wa programu hiyo upande wetu."

Alimpa Kitana kadi ya karatasi yenye tarehe za miadi.

"Na ukiombwa ruhusa tena, jiulize: anataka kuona nini, na cha nini? Usipoelewa, kataa. Kukataa si ujeuri."

Kitana alifuta kumbukumbu zile, kisha akaijaribu simu ya mumewe. "Natumia dawa gani?"

"Sina ruhusa ya kuona taarifa zako za afya," msaidizi alijibu.

Mume akacheka kidogo. "Leo kashika adabu."

Jumamosi Kitana alifunga saluni mapema. Nyumbani alikaa karibu na mama yake, akamshika mikono.

"Mama, nina jambo. Nina saratani ya titi. Imeonekana mapema, na matibabu nimeanza."

 Machozi yakamtoka mama.

"Dada yako alinificha," alisema. "Nilisikia kwa majirani, ameshazidiwa. Sikupata hata wiki moja ya kumuuguza mwanangu."

"Ndiyo maana nimekuambia mwenyewe, mama."

Mama alijifuta macho. Akaketi vizuri.

"Kliniki unarudi lini?"

"Jumatatu, saa tatu."

"Basi niamshe mapema," mama alisema. "Tunakwenda wote."