Njia ya Sita

Nthoki alikuwa ameenda kununua zipu tu, basi. Zipu kumi na mbili nyeusi za sketi za shule, kisha arudi kwenye cherehani yake kabla Phelister, jirani yake wa kibanda, hajamnyang'anya wateja. Gikomba ilikuwa imechemka asubuhi ile. Mabelo ya mitumba yalikuwa yakifunguliwa, maseremala wakigonga, na wasukuma mikokoteni wakiwagombeza watu wasioondoa miguu njiani. Ndipo akaiona ile mashine ya kurekodia sauti kwapani mwa mwanamume.

Ilikuwa bapa, nyeusi, na vitufe vinane vilivyojipanga mstari mmoja. Kitufe cha sita kilikuwa na tone la rangi ya kucha, ile nyekundu iliyokolea. Nthoki aliijua hata chupa iliyotoa rangi ile. Alimkimbilia yule mwanamume akamshika mkono wa shati.

"Hiyo mashine si yako!"

Mwanamume aligeuka. Alikuwa mrefu, shati la drafti limepigwa pasi hadi kolani, na raba nyeupe ambazo sijui alizipitishaje kwenye matope yale zikabaki nyeupe.

"Niaje, madam. Kwetu watu husalimiana kwanza, halafu ndio wanaitana wezi."

"Sijakuita mwizi. Nimesema si yako."

"Nimeilipia sasa hivi. Muulize huyo mzee wa redio kuukuu."

"Ina sauti ya dadangu," Nthoki alisema. "Alikufa mwaka jana."

Tabasamu lilimtoka yule mwanamume. Alimvuta taratibu pembeni, nyuma ya vitanda vya mbao ambavyo havijapigwa vanishi, wasije wakagongwa na mkokoteni.

"Naitwa Muturi. Niko na studio ndogo Makadara, narekodi kwaya za kanisa. Hii sijaiwasha hata, na sijafuta kitu. Ukitaka, twende tukamsikilize."

Zipu zikasahauliwa.

Dada yake Nthoki aliitwa Kathini. Alikuwa mdogo wake kwa mwaka mmoja, na mumewe, Nzivo, alikuwa mpiga gitaa. Nyumbani kwao Njiru, sebuleni, wawili hao walikuwa wamerekodi wimbo ambao Kathini aliutunga mwenyewe. Sauti yake aliiweka kwenye njia ya sita, akakitia kitufe alama ya rangi ya kucha asije akaisahau. Njia ya saba aliiacha tupu. "Hiyo ni yako, Nthoki," alikuwa akimwambia kwenye simu. "Sauti ya pili hakuna mwingine wa kuiimba. Njoo Jumamosi." Nthoki akawa na sare za shule za kushona. Akasema Jumamosi ijayo, akasema tena ijayo, hadi homa ya mapafu ikamchukua Kathini kwa siku nne tu. Baada ya mazishi Nzivo aliuza kila kitu akarudi kwao Mwingi, na mashine ikapotea.

Studio ya Muturi ilikuwa chumba kimoja, trei za mayai zimegandishwa ukutani kuzuia mwangwi, na viti viwili vya plastiki. Alimvalisha Nthoki hedifoni.

"Hii ni kama barabara yenye njia nane," alimweleza. "Gitaa limepita ya tatu, besi ya nne, dadako ya sita. Kila mmoja na njia yake, hakuna anayemgonga mwenziwe. Ukiona taa ya kijani, jua huyo anaimba." Kuhusu taa nyekundu hakusema neno, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kisha Kathini akaimba.

*Ukifika kabla yangu, niwekee kiti,
tandika kitambaa, wajue nakuja.*

Nthoki alilia, jamani. Ulikuwa mchezo wao wa utotoni kanisani. Anayefika mapema hutandika kitambaa cha mkono kwenye benchi, na hata mzee wa kanisa akija hapati mahali. Muturi alitazama trei za mayai kama anayezihesabu. Nthoki alipomaliza kulia, alimwekea chai mkononi bila kumuuliza kama anataka.

"Nitakunakilia kwenye flashi, uwe naye nyumbani," alisema.

"Lini?"

"Jumamosi."

Jumamosi Nthoki akaja, na flashi haikuwepo. Jumamosi ya pili Muturi akasema kuna kwaya imejaza kadi ya kuhifadhia sauti. Ya tatu wakajikuta wanacheka sana hadi wakasahau walichokuwa wanangoja. Nthoki alikuwa ameanza kuvaa vizuri siku hizo. Alijishonea gauni la kitenge la manjano lililomkaa kiunoni, akasingizia kwamba ni la mteja.

"Mteja wako ana mwili kama wako kabisa," Muturi alisema.

"Kunywa chai yako."

"Na huyo mteja ana mtu?"

"Mteja hapendi wanaume wanaoahidi flashi na hawaleti."

Simu zikawa za kila siku. "Umekula, malkia?" "Nimekula, na usiniite malkia mbele ya Phelister, atanitangaza soko zima." Wakapendana, siwezi kuficha. Lakini kila Jumamosi walikuwa watatu chumbani mle, na wa tatu alikuwa na njia yake.

Alasiri moja ya Jumapili Muturi aliitwa kanisa la jirani kuangalia spika zilizoharibika. Alimwachia Nthoki funguo. Nthoki alikaa peke yake mbele ya mashine, akaitazama ile njia ya saba iliyomngoja mwaka mzima na zaidi. Leo, alijiambia. Leo nitamwimbia sauti ya pili, na Muturi nitamshtua Jumamosi.

Ila hangeweza kuimba huku Kathini akiimba masikioni mwake, machozi yangemkaba. Akaona heri amfunge kidogo, abaki na gitaa. Alibonyeza kitufe chenye rangi ya kucha mara moja. Taa ya kijani ikageuka nyekundu. Sawa, akafikiri, nyekundu, amefungwa. Maiki ilikuwa imechomekwa tayari. Aliamini sauti yake itajiendea yenyewe palipo tupu, kule kwenye njia ya saba. Akabonyeza kitufe kikubwa cha kurekodi, akafumba macho, akaimba.

Katikati ya ubeti wa pili mwili ulimsisimka. Kulikuwa na mtu anaimba naye. Kwa mbali sana, kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umerudishwa. Alivua hedifoni haraka. Kimya, ila mwanamke wa mayai ya kuchemsha akinadi nje. Alizivaa tena, akamalizia wimbo akitetemeka na kulia, kisha akazima mashine vizuri kama alivyofundishwa. Aliondoka mbio bila kujisikiliza, na kitambaa chake cha mkono kikabaki kwenye kiti.

Jumatatu Muturi alipiga simu. Hakumuita malkia.

"Nthoki, njoo studio. Au hapana, usije. Nimekosa."

"Umekosa nini? Muturi, unanitisha."

"Kathini hayupo tena. Nilikuwa narekodi kwaya, nikakosea njia. Nimerekodi juu yake."

Nthoki alikuwa na mkasi mkononi. Phelister ndiye aliyeuchukua.

"Mrudishe," Nthoki alisema. "Si ulisema mashine hurudisha nyuma?"

"Hurudisha hatua moja, kama haijazimwa. Ilizimwa."

"Uliahidi flashi! Miezi mitatu, Muturi! Ungeninakilia siku ya kwanza ningekuwa naye mkobani saa hii!"

"Najua."

"Umemuua mara ya pili."

Muturi hakujitetea. Hilo ndilo lililomkasirisha Nthoki zaidi. Alikata simu, akaizuia ile nambari, na gauni la manjano akalikunja akalisukumia chini ya kitanda.

Miezi minne ilipita, na ilikuwa miezi mibaya. Cherehani ikizunguka, yeye husikia sauti ya pili ndani ya mlio wake. Akiosha vyombo chumbani kwake, husikia *niwekee kiti* kwenye maji, akifunga mfereji inanyamaza. Alikonda. Kilichomtesa ni kwamba alikuwa ameanza kuisahau sauti yenyewe. Maneno alikuwa nayo, lakini ile sauti, ile ya Kathini ambayo mwishoni mwa mstari hupanda kama inauliza, ilikuwa inamponyoka kila siku. Na usiku, aibu yake, aliyemlilia mara nyingine alikuwa Muturi.

"Huyo mwanamume amekuja hapa mara tatu ukiwa umeenda kununua nyuzi," Phelister alimwambia siku moja.

"Anataka nini?"

"Kukuomba. Mtu hukonda namna ile kwa sababu ya mashine tu? Wewe umeona mahakama ikifunga mtu bila kumsikiliza?"

"Shona, Phelister."

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ya Phelister ililia. Phelister alisikiliza, akaguna, akaisukumiza sikioni mwa Nthoki kwa nguvu.

"Usikate," ilisema sauti ya Muturi. "Sitasema kitu. Sikiliza gitaa tu."

Gitaa la Nzivo likaanza. Nyuzi zilikuwa zimepunguzwa hadi zikabaki kama kucha zinazokwaruza meza. Na nyuma yake, mbali, kwenye chumba cha pili ambacho mlango wake umerudishwa, mtu alikuwa anaimba, na mwisho wa mstari ukapanda kama unauliza.

Nthoki aliacha sketi ya watu kwenye cherehani, sindano imo ndani ya kitambaa.

Alipofika Makadara alikuwa anahema, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Kitu cha kwanza alichoona ni kiti chake. Kitambaa chake cha mkono kilikuwa kimetandikwa pale pale, kimefuliwa.

"Kwaya zimekuja na kwenda," Muturi alisema. Macho yalikuwa yameingia ndani. "Zimeimba zimesimama. Hicho hakikaliwi."

"Yuko wapi?"

"Kwenye ya tatu. Walirekodi sebule moja, Nthoki, wameketi karibu. Maiki ya gitaa ilimsikia na yeye. Sauti ilivuja. Siku zote sauti yake ya njia ya sita ilikuwa inaifunika, ndio maana hatukujua. Miezi minne nimekuwa nasikiliza njia moja moja, nafuta gitaa kidogo kidogo. Jana usiku akatokea."

Nthoki aliketi kwenye kitambaa chake. Alimsikiliza dada yake mara moja, mara mbili. Kisha akatazama vile vitufe.

"Na ya sita? Hiyo kwaya yako iliyomfuta inaimba nini?"

Muturi aliweka kiganja juu ya kitufe chenye rangi ya kucha. "Hakuna kitu hapo."

"Kama hakuna kitu, unafunika nini?"

"Nthoki, mpenzi, nakuomba. Wacha hiyo."

Aliuondoa mkono wa Muturi kidole kimoja baada ya kingine, akabonyeza mwenyewe. Hedifoni zikapumua. Kisha akasikia mwanamke anaimba sauti ya pili, anatetemeka, anasimama, na kimya kinapita na mtu wa mayai ya kuchemsha ananadi kwa nje, kisha mwanamke anaendelea huku analia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Alikaa bila kusogea hadi wimbo ukaisha.

"Nyekundu," alisema. "Nilidhani nyekundu ni kufungwa."

"Sikukueleza kwamba nyekundu ni njia iliyo tayari kurekodi. Ningekueleza siku ya kwanza."

"Ni mimi. Muturi, ni mimi niliyemfuta! Na wewe ukaacha nikuite muuaji?"

"Ungelala vipi?" Muturi alichutama mbele yake, raba nyeupe kwenye vumbi la sakafu. "Ulishajilaumu kwa zile Jumamosi hukwenda. Ungebebaje na hii? Mimi unaweza kunichukia na ukaishi. Na usidhani nilisema uongo wote. Flashi tupu nilikuwa nayo tangu wiki ya kwanza, hapa kwenye droo. Niliogopa ukishampata dadako, hutakuwa na sababu ya kuja tena. Kwa hiyo niliyempoteza ni mimi pia."

Nthoki alimpiga begani kwa ngumi. Akampiga tena, polepole. Ya tatu haikuwa ngumi, mkono ulibaki pale pale begani, na akalia kwa sauti hadi mtu wa duka la jirani akauliza kama kuna shida.

"Hakuna, boss!" Muturi alijibu, na yeye mwenyewe machozi yanamtoka.

Alipotulia, Nthoki alivuta kiti karibu na mashine.

"Niliimba nikifuata gitaa hilo hilo," alisema pole pole. "Ukifungua ya tatu na ya sita kwa pamoja?"

Muturi alimtazama. Wazo hilo halikuwa limemjia, yeye fundi mzima. Alibonyeza ya tatu ikawa kijani, ya sita ikawa kijani, na nyingine zote akazinyamazisha.

Kathini akaanza, mbali, nyuma ya nyuzi. Nthoki akaingia kwa sauti ya pili, pale pale alipopaswa kuingia, bila kumtangulia wala kuchelewa. Ulipofika ubeti wa pili, kile kimya cha hofu kikapita, na ndani yake Kathini aliendelea peke yake kwa mstari mmoja mzima, akimngoja dada yake avae hedifoni.

Muturi alifungua droo, akatoa flashi, akaichomeka. "Leo leo," alisema. "Kabla ya chai."

Walingoja ijae. Muturi aliichomoa akaiweka kiganjani mwa Nthoki, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Sasa umempata," alisema. "Sina tena kitu cha kukuzuia."

"Kweli huna." Nthoki aliitia flashi mkobani, akafunga zipu. "Jumamosi ijayo nikija, nitakuja kufanya nini?"

"Njoo na mzigo wako. Uje mara moja, usirudi. Nitaenda kwenu Kitui kuzungumza na wazee, wakitaka mbuzi nitaleta, wakitaka nijifunze Kikamba nitajifunza. Nioe, Nthoki. Yaani, nikuoe. Unaona, nimechanganyikiwa."

Nthoki alicheka, mara ya kwanza baada ya miezi minne, na kicheko kikamshtua mwenyewe.

"Na yeye?" Alionyesha mashine kwa kidevu. "Utaweza kuishi na watu wawili?"

"Nimeishi naye peke yangu miezi minne. Tumezoeana."

Nthoki alisimama, akakiacha kitambaa pale kitini, kimenyooka vizuri. Mlangoni aligeuka, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Naenda kumalizia sketi ya watu. Asikalie mtu hapo," alisema. "Narudi."