Kitinda Mimba wa Chupa ya Tatu

Fundi rangi hakuwa na chupa. Rangi alizochanganya alizitia kwenye makopo yasiyo na vifuniko, zikakauka kabla ukuta haujaisha. Kwa hiyo alipopita nyuma ya shule na kukuta masanduku ya maabara ya zamani yametupwa jalalani, alifurahi. Akabeba chupa tatu nene za kahawia, zenye vifuniko vya kukaza.

"Wakubwa hawana haya," alimwambia binti yake walipokuwa uani. "Leo wanatupa mali, kesho wanalia shule haina vifaa."

Binti huyo alikuwa kitinda mimba wake. Mtaa mzima ulimwita Kiberiti, maana alikuwa mwepesi wa kuwaka. Dada zake walikwisha kuolewa. Mama yake alikuwa amefariki. Siku aliyozidiwa, mkubwa wa hospitali alisema, "Mrudishe nyumbani, hakuna hatari." Mgonjwa hakufika asubuhi. Tangu hapo fundi hakumwamini tena mtu yeyote mwenye ofisi.

Ndani ya chupa mlikuwa na vipande vya metali vilivyohifadhiwa kwenye mafuta. Kiberiti alisoma karatasi zilizobandikwa.

"Lithiamu. Sodiamu. Potasiamu. Baba, majina yao yanaishia sawa. Kama ndugu!"

"Basi tuwaogeshe," alisema fundi. "Mimi nataka chupa tu."

Alitupa kipande cha lithiamu kwenye ndoo ya maji. Kikaelea, kikatoa mapovu, shiii, kikaisha.

"Kaka mkubwa huyo, mpole," alisema.

Akatupa kipande cha sodiamu. Hiki kiliyeyuka kikawa mviringo kama shanga, kikakimbia huku na huku juu ya maji, kisha pa! Tone la maji likamchoma mkononi. Kiberiti akacheka, akasogea, akainamia ndoo.

"Na wa tatu, Baba?"

"Huyo ni mdogo wao. Wakubwa tumewaweza, mdogo atatushinda nini? Namwaga chupa nzima, tumalize."

Akaifungua chupa ya tatu.

"Fundi! Usimwage!"

Aliyepiga kelele ni jirani yao, mama mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika maabara ya chuo. Watu walimwita Mama Maabara. Alisikia ule mlio, akaja mbio bila hata viatu.

"Jirani, hata hodi hupigi?"

"Hodi nitapiga ukishaiweka hiyo chupa! Mtoto, toka hapo kwenye ndoo. Toka!"

"Acha kututisha. Mbili nimezijaribu. Hakuna hatari."

Neno lilipomtoka, fundi alilisikia. Hakuna hatari. Lilikuwa neno la yule mkubwa wa hospitali, na sasa limetoka kinywani mwake mwenyewe. Alitazama uso wa Kiberiti juu ya ndoo. Akaivuta chupa nyuma haraka, mbali na ndoo.

Punje moja iliyoganda kwenye mdomo wa chupa ikadondoka kwenye sakafu iliyolowa. Ilikuwa ndogo kama mbegu ya ufuta. Ikawaka papo hapo, mwali wa zambarau, pa! Kiberiti akaruka nyuma.

"Nifanye nini?" fundi alinong'ona. "Mikono yangu ina maji."

"Usiitikise. Usirudishe kifuniko, kimelowa. Unauona ule mchanga mkavu pembeni? Nenda polepole. Iweke pale."

Uani palikuwa padogo, lakini siku hiyo palirefuka. Tone la jasho lilimshuka puani. Aligeuza uso, likaangukia begani. Alipofika aliinama, akaiweka chupa, akaiachia kidole kimoja kimoja.

Wakatoka wote hadi barabarani. Mama Maabara akapiga simu zimamoto. Walipokuwa wakisubiri, fundi aliuliza kwa sauti ndogo, "Si ni ndugu hawa? Mbona tabia mbalimbali?"

"Ni ndugu kweli. Vitu vyote vimeumbwa kwa elementi, na wataalamu wamezipanga kwenye jedwali. Hawa watatu wanakaa kundi moja, mmoja chini ya mwingine. Kila chembe yao ina kiini katikati, na nje kabisa ina elektroni moja peke yake. Kiini ni kama mama, elektroni ile ni kama mtoto."

"Enhe."

"Ukishuka kwenye kundi, chembe inakuwa kubwa zaidi. Mtoto wa nje anakaa mbali zaidi na mama, na katikati wamejaa wengine. Mama hawezi kumshika vizuri. Maji yakija, anachukuliwa upesi, na moto unatoka. Kwa hiyo katika ukoo huu, kadiri unavyoshuka ndivyo ukali unavyozidi. Usimpime mdogo kwa upole wa kaka yake."

"Kama Kiberiti na dada zake," alisema fundi.

"Baba!"

"Na ukienda upande wa kulia kwenye mstari mmoja wa jedwali," aliendelea Mama Maabara, "mama anazidi kukaza mkono. Sufuria yako ni alumini. Inakaa mstari mmoja na sodiamu, upande wa kulia. Mbona hailipuki ukitia maji?"

"Inashika watoto wake."

"Umeelewa. Tena ina ngozi nyembamba inayoilinda."

Zimamoto walifika, wakazichukua chupa zote tatu kwa vyombo vikavu. Fundi akawapeleka mwenyewe hadi jalalani. Masanduku yaliyobaki yalikuwa na chupa nyingine, na watoto walikuwa wakicheza karibu. Wakawaondoa watoto, wakazibeba nazo.

Kesho yake alikwenda shuleni na ngazi na makopo yake. Kwenye ukuta wa jalala alichora duara tatu, moja chini ya nyingine, na maneno: USIGUSE. USIMWAGIE MAJI. ITA MTAALAMU.

Mwalimu mkuu alitoka mbio. "Nani amekuruhusu kuchora hapa?"

"Na nyie nani aliwaruhusu kutupa hapa?"

Mwalimu mkuu aliyasoma maneno ya ukutani. Kisha akamwita mlinzi, akaagiza jalala lizungushiwe uzio siku hiyo hiyo, na kitu cha maabara kisitoke tena bila wataalamu.

Kiberiti alikuwa ameshika ngazi. "Baba, ya chini iongeze kidogo. Yeye ndiye mkubwa kuliko wote."

"Najua," alisema fundi, akachovya brashi kwenye rangi ya zambarau. "Shika ngazi vizuri, mama."