Mabao Yangu, Jina la Festo

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Tunduma, na mbio zangu nilizipata kwa kukimbia viboko vya mwalimu wa nidhamu. Msicheke... kisa hiki kiliniliza mpaka mama akadhani nina malaria!

Shuleni kwetu ni marufuku kucheza ndondo, yale mashindano ya mitaani ya kugombea mbuzi. Ukikamatwa, unafukuzwa. Lakini timu moja ya wakulima wa kahawa kule Iyula ilitafuta mamluki, mchezaji wa kukodi. Malipo? Njumu mpya kutoka ng'ambo ya mpaka, na mguu wa mbuzi tukitwaa kombe. Jamani! Mimi niliyezoea kucheza peku ningekataaje?

Nikaazima jina. Festo ni mtoto wa mama mkubwa, tunalala chumba kimoja. Yeye alishamaliza shule, anasukuma mkokoteni pale mpakani. Alicheka sana.

"Litumie tu, dogo. Labda kwako litafunga, kwangu limegoma."

Basi kwenye karatasi ya timu nikaandikwa Festo. Sina simu, kwa hiyo ikawekwa namba yake.

Mechi nne, mabao saba! Uwanja mzima unapiga kelele, "Festo! Festo!" Na mimi, mjinga, nanyoosha mikono juu...

Siku ya fainali alikuja mzee mmoja wa timu kubwa ya Mbeya, anatafuta vijana. Alikaa upande wa pili wa uwanja, akaomba jina na namba ya yule mfungaji, akaondoka kuwahi gari bila kuniona uso kwa karibu.

Jumatano Festo akaniambia, "Dogo, lete njumu nizipeleke kwa fundi, soli inaachia."

Nikampa. Hata nikamshukuru!

Jioni hakurudi. Mama mkubwa ndiye aliyenipasulia habari, tena kwa vigelegele: mwanawe kaitwa Mbeya kwenye majaribio! Nikampigia kwa simu ya mama.

"Wameita Festo," akanijibu. "Festo ni nani, mimi au wewe? Ukibisha, nenda kamwambie mkuu wa shule kwamba ni wewe uliyecheza."

Akakata. Ndugu yangu wa kulala chumba kimoja!

Siku mbili baadaye alirudi kimya kimya. Walimpa mpira, akaupiga ukaenda kwa mama ntilie. Wakamwambia apande gari arudi kwao. Ningecheka... lakini chozi lilitangulia.

Nilimwomba nahodha wa Iyula ampigie yule mzee, amweleze ukweli. Alipiga, nikiwa pembeni nasikiliza.

"Jina mmenidanganya," mzee alisema. "Miguu nitaiaminije?"

Basi. Nafasi yangu ikafia hapo. Na Festo nimlaumu peke yake? Nani aliyemkabidhi jina, namba na njumu kwa mkono wake mwenyewe?

Ninyi wenzangu mnaocheza ndondo kwa majina ya kaka zenu, nawasihi, acheni! Makofi yatamfuata mwenye jina, nanyi mtabaki na vumbi.

Njumu alinirudishia bila kunitazama usoni. Mimi navaa arobaini, yeye arobaini na tatu... zimepasuka vidoleni zote mbili. Nimezishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Ndani, kila mguu, nimeandika jina langu kwa wino mzito.

Kwa mara ya kwanza.