Siri Iliyosomwa Ukumbini

Binti yangu akirudi kutoka shuleni huvua viatu mlangoni, hunawa mikono, hula kilichopo, kisha huja kukaa kwenye kigoda karibu na goti langu. Mimi ni msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho mahali pangu pa kazi: kiti kimoja cha mteja, kioo chenye ufa pembeni, na pazia. Nyuma ya pazia lipo beseni la kuoshea nywele, na hapo ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, alipokuwa akifanya kazi. Kazi ya binti yangu ni kuchambua nywele za bandia na kunipa fungu moja moja. Ana miaka kumi na miwili na si msemaji. Wateja humsahau kama wanavyolisahau pazia.

Nayaandika haya kwa sababu ukimya wake ndio ulionifumba macho.

Mwaka huo alijiunga na chama cha waandishi wa riwaya, kinachokutana kila Jumamosi alasiri katika chumba cha nyuma cha maktaba. Mimi niliishia darasa la saba, na riwaya niliyowahi kuimaliza ni moja tu, tena haikuwa na jalada. Nikaingiwa na wasiwasi. Watu wazima na watoto wajifungie chumba kimoja, watunge uongo mrefu, halafu wapongezane? Nikaanza kuchunguza. Nilinusa daftari lake, nikitafuta manukato ya mvulana. Nilimuuliza nani kakaa karibu na nani. Jumamosi moja nikamfuata kwa mbali, nikachungulia dirishani kama mwizi wa kuku.

Nilimwona mkutubi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Nilimwona fundi baiskeli na mikono yake ya grisi, muuguzi mstaafu, na wasichana wawili wa sekondari. Kila mmoja alisoma sura aliyoiandika wiki hiyo, na akimaliza, wenzake walimuuliza, "Ulijuaje?" Mkutubi alinifumania pale dirishani, akanikaribisha ndani bila kunicheka. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo kanuni yao. Anayesoma lazima aseme ukweli kuhusu alichokiandika: ama amekiona, ama ameambiwa, ama amekibuni. Nikarudi nyumbani moyo umetulia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nilikuwa nimeshughulika kukagua nguo za watu.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Madaftari. Huyu ana duka la vifaa vya shule mbele ya lango la shule, na wanafunzi ndio waliompa jina hilo. Alikuwa mteja wangu wa miaka mingi. Siku moja nikimsuka, nilikuwa na kitana mdomoni na mikono yote miwili imejaa, nikamsogezea kwa kiwiko paketi mpya ya nywele, nikamwomba anisomee namba ya rangi na maelezo yake. Akaishika paketi. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akainamisha kichwa mpaka nikadhani nimemvuta nywele vibaya.

Kisha akaniambia kwamba hajui kusoma, hata jina lake. Wadogo zake walipelekwa shule, yeye akabaki nyumbani kuwalea, na mdogo wake alipofungua kitabu kwa mara ya kwanza, aliona wivu. Madaftari anayatambua kwa rangi na unene, kalamu kwa kifuniko. Mzazi akija na orodha, yeye humwambia, "Nisomee, mwanangu, miwani yangu leo inanisumbua." Na miwani yenyewe ni kioo kitupu, aliinunua ili apate la kusingizia. Tulicheka wote wawili, kisha akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikamwahidi kwamba neno hilo limeingia kaburini. Binti yangu alikuwa pale pale kwenye kigoda, ananipa fungu baada ya fungu.

Haukupita mwezi, mambo yakaharibika. Wanafunzi wakaanza kwenda dukani na karatasi zilizochorwachorwa, wakimwambia Mama Madaftari awasomee. Wengine walimuuliza kama miwani leo imepona. Nilimkamata mmoja shati nikamuuliza kayasikia wapi hayo. Akasema kila mtu anajua, akachoropoka, akabaki anacheka ng'ambo ya barabara. Siku ya tatu duka halikufunguliwa.

Siku ya nne Mama Madaftari akaja kwangu. Hakuingia. Alisimama kizingitini, nywele zake zimefumuliwa nusu.

"Shoga," akaniambia, "nilikuletea kichwa unisuke. Wewe umekipeleka sokoni."

Nikaapa. Nikaapa tena. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba jambo lile alimwambia mtu mmoja tu tangu azaliwe, kisha akaondoka. Nasikia alikwenda kumalizia kufumuliwa kwa msusi wa kule sokoni.

Baada ya hapo chumba changu kikawa kama chumba cha mtihani. Wateja walikaa wima, wakazungumzia jua na mvua. Msusi asiyeaminika ni kama kinyozi mwenye mikono inayotetemeka. Hata awe stadi vipi, hakuna atakayempa kichwa. Wawili hawakurudi kabisa.

Nikajiuliza: nani mwingine alisikia? Jibu likaja haraka, kwa sababu nililitaka lije haraka. Nyuma ya pazia siku ile alikuwapo wifi. Na wifi yangu, Mungu amhifadhi, ni mtu wa soga. Akisimama bombani na ndoo moja, ndoo inajaa, inamwagika, yeye bado anasalimia. Nikaanza kumwangalia kwa pembe ya jicho. Akicheka na mteja, nilisogea nisikie. Nikamtega: nilimnong'oneza kwamba muuguzi mstaafu anahama mji, habari niliyoitunga mwenyewe, nikangoja wiki nzima nione itarudi kwa mlango gani. Haikurudi. Badala ya kuamini mtego wangu, nikasema moyoni kwamba huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Basi nikamshutumu, mbele ya beseni lake. Hakupiga kelele. Alikunja taulo moja baada ya nyingine, akazipanga, akajifuta mikono.

"Wifi," alisema, "siku utakapomjua aliyesema, usinitumie salamu. Njoo mwenyewe kwa miguu yako."

Akaenda zake. Binti yangu alikuwa kwenye kigoda, na nakumbuka mikono yake ilisimama kidogo juu ya nywele, kisha ikaendelea. Nilidhani anamhurumia shangazi yake.

Wiki mbili baadaye chama kikafanya hadhara ya usomaji. Wazazi na wanafunzi tulialikwa katika ukumbi wa maktaba. Sura zilizo bora zingeunganishwa ziwe kitabu kimoja, nacho kingewekwa rafuni humo humo, na jina la kila mwandishi. Nilivaa vizuri. Nilikaa safu ya nyuma, kwa sababu siku hizo sikupenda kukaa mahali ambapo watu wangeweza kuniangalia kisogo.

Binti yangu alisoma wa tatu. Sauti yake, ambayo nyumbani huisikii mpaka uinamie, ilijaza ukumbi. Alisoma habari za mwanamke muuza vitambaa asiyejua kusoma, anayevaa miwani ya kioo kitupu. Watu wakacheka. Mwanamke yule alilea wadogo zake mpaka wakajua kusoma kuliko yeye. Watu wakanyamaza.  Alipofika mahali ambapo msusi mwenye kitana mdomoni anampa mwanamke paketi aisome, nilishika kiti cha mbele yangu. Hata kitana changu kilikuwamo. Mwanafunzi mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si Mama Madaftari huyo?"

Alipomaliza, fundi baiskeli akasimama kuuliza swali lao. Alisema ameguswa sana pale mwanamke alipoona wivu mdogo wake alipofungua kitabu kwa mara ya kwanza. "Ulijuaje?"

Binti yangu alitazama karatasi zake. "Nimebuni," akasema.

Ukumbi ukapiga makofi, na mkutubi akatangaza kwamba sura ile ndiyo itakayofungua kitabu. Mimi sikupiga makofi, wala sikusimama kusema neno. Na hilo nalo nalikiri hapa: nilikaa kimya kwa kuwa niliona haya, na kwa kuwa watu walikuwa wakinitazama kwa tabasamu kama mama wa mtoto hodari.

Nyumbani nilimkalisha kwenye kiti cha mteja, mimi nikakaa kwenye kigoda. Alianza kujitetea. Alisema waandishi wote huchukua mambo kwa watu, na kwamba yeye alibadilisha duka, wala hakutaja jina.

"Hukutaja jina," nikamwambia, "lakini umetaja miwani. Katika mji huu miwani ile ina mtu mmoja."

Nikamuuliza kama alijua wanafunzi wanamtania Mama Madaftari. Alijua. Sura hiyo aliisoma kwanza chamani, huko nako akadai ameibuni, lakini wale wasichana wa sekondari wakaitambua miwani na kuisambaza habari nje. Nikamuuliza kama aliniona nikimfukuza shangazi yake. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameona yote na kuyajua yote. Akasema aliogopa kwamba akikiri, atatolewa chamani na jina lake halitaingia kitabuni. Kisha akalia, na mimi sikumbembeleza upesi, kwa sababu nami nilikuwa nafikiria taulo zile zilizokunjwa.

Kesho yake tulianza kwa wifi, kwa miguu yetu. Nilipiga magoti. Akaniacha hapo kidogo, kisha akaniambia niinuke nisimchafulie mkeka, nikajua amenisamehe. Kwa mpwa wake alikuwa mkali zaidi. Alimwambia kwamba kusema uongo ni kosa, lakini kunyamaza huku mwingine anaadhibiwa kwa kosa lako ni kosa lenye meno.

Mkutubi alisikiliza habari yote akiwa amesimama katikati ya rafu. Hakumfukuza. Alimwambia kwamba hakukosea kuandika alichokisikia, alikosea mara mbili kwingine: hakumwomba ruhusa mwenye jambo, na alipoulizwa alidanganya. Akamwita kila msichana wa sekondari peke yake na kumwonya. Kuhusu kitabu, alisema uamuzi si wake wala si wetu.

Kwa hiyo tukaenda dukani. Duka lilikuwa limefunguliwa, nusu mlango. Nilitaka kumsemea binti yangu, Mama Madaftari akaninyamazisha kwa kiganja. Akamwambia mtoto asome, yote, pale pale mbele ya kaunta. Binti yangu akasoma. Kwenye sehemu ambazo ukumbi ulicheka, sauti yake ilikatika, na Mama Madaftari hakumsaidia. Alingoja tu mpaka aendelee.

"Umeandika vizuri," alisema mwishoni. "Ndiyo maana imeniuma. Lakini sikiliza, mwanangu. Maneno ni yako, mambo ni yangu. Kitabuni haiingii."

Akanyoosha mkono. Binti yangu akampa karatasi zote, nakala pekee aliyokuwa nayo. Zikaingia kwenye droo, droo ikafungwa kwa ufunguo. Kitabu kilitoka mwezi uliofuata bila jina la binti yangu. Siku ya kukizindua yeye ndiye aliyepanga viti. Siku chache baadaye nilimwona amefungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza.

Wanafunzi wa lango la shule walichoka utani wao walipoona Mama Madaftari anawajibu bila kuona haya: "Ndiyo, sijui kusoma. Wewe unajua, mbona umeshindwa hesabu?"

Kwangu hakuja kwa miezi miwili. Alipokuja, alikaa kitini kana kwamba aliondoka jana. Nilimwashiria binti yangu atoke nje.

"Mwache akae," Mama Madaftari akasema. Kisha akamgeukia, kichwa chake kikiwa bado mikononi mwangu. "Jirani yako akianika nguo, upepo ukaiangusha uani kwako, utafanyaje?"

Binti yangu alisema ataiokota na kumrudishia.

"Basi. Huivai ukaenda nayo harusini, hata kama inakupendeza. Na jirani akiulizia nguo yake, huonyeshi kidole nyumba nyingine."

Neno la mwisho nililipokea mimi, ingawa hakuniangalia. Nyuma ya pazia wifi, aliyekuwa amerudi kwenye beseni lake, alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Ninyi mnaosoma haya, na hasa ninyi mnaopenda kuandika, lishikeni mapema: sikio la mtoto ni chombo ambamo wakubwa wanaomwamini hutia siri zao, na kukilinda ni kazi. Nasi mama zenu, tunaponusa madaftari yenu, tujifunze kuwauliza kwanza, kabla hatujamhukumu aliye karibu.

Nikasuka mistari mitatu. Halafu, polepole, Mama Madaftari akaanza kutusimulia habari za mdogo wake wa mwisho.