Uji Uliochelewa Siku Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kananu alikoka moto, akakoroga uji na kumpelekea mama yake chumbani. Kila jioni aliporudi aliukuta uji ule ule, umeganda na kufanya utando juu. Aliumwaga nje, kuku wakaula. Kwao ni juu kidogo ya mji wa Timau, na baridi ya mlima haina huruma na kitu kilichosahauliwa.

Mama yake, Lenah, alikuwa amerudi kutoka hospitalini mikono mitupu. Mtoto alizaliwa bila kulia. Baba, Koome, alimzika, akakaa nyumbani siku mbili, kisha akarudi kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano. Nyanya ndiye aliyebaki na amri.

"Mtoto ambaye hakulia hatajwi," alimwambia Kananu. "Ukiulizwa, sema mama ana homa. Umesikia?"

"Lakini nyanya, watu walimwona na tumbo."

"Nimekuuliza kama umesikia."

Kananu alisikia. Susan, jirani aliyefanya kazi na mama yake kwenye shamba la maua, alipomuuliza, "Mama Kananu yuko aje?" alimjibu kuwa ana homa tu. Susan alimtazama kitambo, akasema, "Haya, apone," akaenda zake. Wanawake wengine nao walipita vivyo hivyo. Hata Murungi, aliyekaa naye dawati moja, alimcheka. "Homa gani hiyo isiyokwisha? Ng'ombe wetu alipona kwa siku tatu."

Desturi ya huko inajulikana. Mwanamke akijifungua, wenzake humjia na uji na mizigo ya kuni, vicheko vikasikika mpaka barabarani. Mtoto akifa, njia ile ile huota nyasi. Nani aliamua kwamba uji ni wa mtoto, wala si wa yule aliyemzaa? Miaka nenda miaka rudi hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Siku ya tisa, Kananu alimkuta mama anatetemeka chini ya blanketi mbili. Titi la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, gumu kama jiwe. Maziwa yalikuwa yameloanisha blauzi.

"Maziwa hayajui," mama alisema polepole. "Yanakuja tu. Yanamtafuta."

Nyanya alimwekea jani la kabichi juu ya titi ili lipoe, akamwambia avumilie. Kananu hakungoja. Alitoka mbio hadi kwa Susan, akamkuta anachambua viazi.

"Mama ana homa!"

"Najua, Kananu. Umeniambia wiki nzima." Susan hakuinua kichwa. "Mwambie anywe chai ya tangawizi."

Kananu alisimama pale. Neno alilolitumia kufunga mlango sasa lilikataa kuufungua. Machozi yakamtoka.

"Mama alizaa," alisema. "Mtoto hakulia. Baba akamzika. Maziwa yanamuumiza, na nyanya alisema tusiseme."

Kiazi kilimponyoka Susan. "Unadhani hatukujua? Tulingoja mlango ufunguliwe."

"Kwa nini hamkubisha?"

Susan alipangusa mikono kwenye leso, mara moja, mara ya pili. "Kwa sababu na sisi tulifundishwa kunyamaza," alisema. "Twende."

Nyanya aliwazuia mlangoni. "Ana homa. Mwacheni apumzike."

"Safari hii kweli anayo, mama. Tupishe."

Walimpeleka zahanati kwa pikipiki. Muuguzi alimpa dawa, akasema wangechelewa siku mbili zaidi, titi lingefanya usaha na kuhitaji kupasuliwa. Kisha akaketi kando ya kitanda na kumweleza Lenah kuhusu akina mama waliofiwa na watoto, wanaokutana hapo kila Alhamisi.

"Mimi huenda," Susan alisema. "Wangu ni Kirimi. Mwaka wa kumi na moja huu."

Kwa mara ya kwanza Lenah aliinua uso. "Ulimpa jina?"

"Nilimpa. Si ni wangu?"

Lenah alijifuta uso kwa shuka. "Wangu ni Mukami," alisema.

Jumamosi, Lenah akiwa amerudi nyumbani, wanawake walikuja na kuni na uji. Hakukuwa na vicheko. Nyanya aliketi pembeni ya jiko, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Mimi nilizika wawili, mwaka ule wa njaa. Siku ya pili nilikuwa shambani napanda viazi. Hakuna aliyeniletea hata kikombe."

Susan alimimina uji, akamwekea mikononi.

Kisha akamgeukia Kananu. "Shuleni mnaambiwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Usiseme tena uongo kama ule, maana siku ya shida hautakusaidia. Lakini mzigo huu hukujitwika. Tulikutwika sisi wakubwa, na aibu ni yetu. Msiba ukiingia nyumbani, mwambie ukweli mtu mmoja unayemwamini. Na ukiwa wewe ndiye jirani, usingoje kuambiwa. Bisha."

Mama alikunywa nusu kikombe, akapumzika, akakimaliza. Mukami hakurudi, na hapana uji wa kumrudisha. Lakini jioni hiyo kuku walizunguka mlangoni wakingoja, wakakosa.