Kontena Juu ya Gustave

Mkono wa Peguy ulikuwa unatafuta kitufe ambacho hakipo…

Jamani, tulieni niwape hii. Durban, mwaka tisini na tisa. Peguy yuko juu kwenye kreni ya bandarini, ya kweli, kwa mara ya kwanza, anafanya mtihani wa mwisho. Kontena limening'inia, linayumba. Chini yake yuko Gustave, mtu anayelala naye chumba kimoja kule mtaa wa Greyville.

Kitufe gani? Cha kuanza upya.

Maana chuoni walijifunzia kwenye kabini ya bandia, skrini pande zote, ukikaa humo unaapa uko bandarini. Ukimponda mtu, unabonyeza, anafufuka. Peguy aliwaponda huku anacheka. Gustave yeye alitoka humo jasho linamchuruzika, akatapika mlangoni. Darasa zima likamcheka, na kinara wa kucheka alikuwa Peguy.

Alama za juu? Peguy. Gustave akapewa redio, akaelekeze mizigo chini.

Sasa Peguy amenaswa humo kabini. Kushuka hawezi, kuachia hathubutu, mikono imekufa ganzi.

"Gustave, toka hapo!" akaita redioni.

"Nitoke wapi, ndugu? Kushoto iko kontena, kulia iko kontena."

"Sijui nifanye nini…"

"Peguy, miye niko hapa. Unaniona?"

Alimwona. Wale wa kwenye skrini hawakuwahi kumwita jina. Machozi yakamtoka, na hapo ndipo akakumbuka alichofundishwa: usishindane na mzigo, ufuate unakoelekea.

Akaufuata. Kontena likapunguza kuyumba… likatulia… akalishusha pembeni.

Akashuka chini. Mwalimu Deusdedit, aliyekuwa anatazama kwa mbali bila redio, akampa mkono.

"Umefaulu, kijana. Umelituliza vizuri sana. Kesho unaanza kazi."

Masikini mwalimu, hakujua lolote. Na Gustave hakumchoma mwenzake.

Nyie si mngechukua kazi mkaenda zenu? Semeni ukweli.

"Hapana, mwalimu," Peguy akasema. "Nusura nimuue huyu. Kesho mpe Gustave mtihani wa juu. Mimi nipe redio, nisimame pale alipokuwa."

"Ili iweje?"

"Nataka niujue ule mzigo ukiwa juu yangu."

Ndugu zangu, mkimwona mwenzenu anatetemeka darasani, msimcheke. Huenda ni yeye peke yake aliye kazini, nyie wengine mnacheza.