Zero ya Sumaya

Kila Jumatano, Sumaya akishamaliza kuosha vyombo, hujifunga kitambaa kichwani na kukatiza vichochoro vya mtaa wa Mabanga, akiruka mawe meusi ya volkano, hadi kwenye karakana ya kompyuta ya Mama Dative. Humo watoto walikuwa wakitengeneza programu ya kuwakumbusha akina mama siku za chanjo. Kila jaribio la programu lilipokwisha, kompyuta ilitoa namba. Sumaya ndiye aliyepewa kazi ya kuandika maana ya namba hizo na kuibandika ukutani.

Kazi gani hii, alijiambia. Nani asiyejua zero? Shuleni zero ni aibu tupu. Basi bila kujaribu lolote akaandika: “Zero: imeharibika. Namba nyingine: iko sawa.”

Siku moja mwenzake Benny akafanya jaribio. Ikatoka mbili. Akatazama ukutani, akaruka.

“Iko sawa! Naipeleka kituo cha afya sasa hivi, akina mama wanaingoja.”

“Ngoja kwanza,” Sumaya akasema. Kwenye kioo cha kompyuta aliliona jina la mtoto Umwiza, lakini tarehe yake ya chanjo haikuwepo. “Tarehe iko wapi?”

“Weye ndiye uliandika, unaniuliza mimi?”

Sumaya akatazama ukutani, kisha kioo. Namba inasema sawa, kioo kinasema hapana! Akarekebisha kosa la tarehe, akajaribu tena. Zero.

“Mama Dative, hii kompyuta ina wazimu! Naitengeneza, nayo inanipa zero!”

Mama Dative akacheka. “Kitendawili!”

“Tega!”

“Mtoto wangu akiwa mzima hana la kusema, akiumwa, kila ugonjwa una kilio chake.”

Sumaya akauma kidole, akiwaza. “Kumbe… zero ni kwamba haina la kulalamikia? Na mbili ni kilio?”

“Ndiyo, mutoto wangu. Uzima ni wa namna moja. Magonjwa ni mengi, ndiyo maana namba nazo ni nyingi.”

Sumaya akaitazama karatasi yake ukutani. Kidogo tu Umwiza akose chanjo! Akaibandua karatasi. Safari hii aliiharibu programu kwa makusudi, kosa baada ya kosa, akiandika kila namba na kosa lililoitoa, kisha akayarekebisha yote hadi zero ikarudi.

“Profesa wa zero!” Benny akamtania.

“Mwache,” Mama Dative akasema, akiisoma karatasi mpya. “Sumaya, anayesoma maandishi yako haoni kilichomo kichwani mwako. Anakuamini tu. Kwa hiyo usimwandikie unachodhani. Jaribu kwanza, kisha umwandikie ulichokiona. Haya Benny, sasa unaweza kuipeleka programu kituo cha afya.”